Samadi ya Harlan Roosa

Sluyter Hollow, New York
17 Februari 2019

Dada Roberta,

Za jangwani? Sisi huku hatujambo, kwa kadiri watu waliozikwa na theluji mpaka dirishani wanavyoweza kusema hawajambo. Mke wangu Arlene anakusalimu kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umefungwa plasta. Aliteleza kwenye ngazi za kanisa, na anamlaumu mchungaji kwamba alimwaga chumvi ya mezani badala ya ile ya barabarani ya kuyeyusha barafu. Goti langu limetabiri dhoruba tatu mwaka huu bila kukosea hata moja. Ng'ombe wamebaki sita. Kukamua niliacha tangu 2011, lakini bado naamka saa kumi na nusu alfajiri na kukaa jikoni kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Najua sijakuandikia tangu kadi ya Krismasi ya mwaka juzi. Simu nayo unajua ilivyoishia: wewe ulikata, mimi sikupiga tena. Kwa hiyo naandika.

Jambo lenyewe ni dogo. Unamkumbuka Bernice Terwilliger, binti wa mwenye duka la chakula cha mifugo? Sasa ndiye mwanahistoria wa mji. Sheria ya jimbo inataka kila mji uwe na mwanahistoria, hata mji wa watu mia nne ambao historia yao yote inaenea nyuma ya bahasha. Agosti hii Tamasha la Jua linatimiza miaka hamsini, na Bernice ameunda kamati. Wametangaza kwamba yeyote aliyekuwepo ajiandikishe. Mpaka sasa wamejiandikisha wenyeji wengi kuliko walioishi hapa mwaka ule, na mmoja wao mimi nilikuwepo kwenye ubatizo wake mwaka 1972.

Wanataka kusimamisha bango la chuma kando ya barabara, mbele ya shamba letu la chini. Unayajua yale mabango ya historia, ya buluu yenye herufi za njano. Bernice atakutumia karatasi yenye maneno ya bango, ili sisi familia tuyakubali. Ukiipata usiitie sahihi. Iweke tu kabatini. Sababu nitakueleza nikipata nafasi.

Ndugu yako,
Delbert


Tucson, Arizona
3 Machi 2019

Delbert mdogo wangu,

Mimi mzima, na nyonga yangu mpya ni nzima kuliko mimi. Mpe Arlene pole, na mwambie mchungaji ashukuru hajavunja shingo ya mtu. Binti yangu Corinne amepandishwa cheo kazini na sasa hana muda wa kuniuliza kama nimekula, jambo linalonifurahisha sana. Huku kuna jua mpaka unachoka kulisema. Jirani yangu, mzee mjane wa miaka themanini, ananiletea ndimu kila Jumatano na kukaa saa mbili. Ndimu zenyewe ni kavu.

Karatasi ya Bernice ilifika Jumatatu, nikaitia sahihi Jumatatu hiyohiyo, na kabla ya chakula cha mchana ilikuwa posta. Nilitumia kalamu nzito. Nakunakilia maneno ya bango, maana naona wewe uliona haya kuyaandika:

TAMASHA LA JUA, AGOSTI 8–10, 1969. HAPA VIJANA ELFU TATU WALICHEZA SIKU TATU MVUANI, INGAWA MKULIMA HARLAN ROOSA ALIMWAGA SAMADI KUWAFUKUZA.

Nimeyasoma mara tano na sijaona kosa. Ningekuwa mimi ningeweka na picha yake.

Wewe unataka nikae kimya mpaka lini? Mimi ndiye niliyembembeleza baba atupe shamba lile. Nilimfuata wiki tatu, zizini, mezani, mpaka akatikisa kichwa kukubali bila hata kuacha kutafuna. Nilidhani nimeshinda. Nilipangwa niimbe wa kwanza Ijumaa ile saa nane, mimi na gitaa langu, na gauni la lesi la bibi nilikuwa nimelikata mikono. Alhamisi jioni narudi na wale wavulana wa jukwaa kutoka kuchukua vipaza sauti, tunakata kona ya kanisa, harufu inatupokea kabla hatujaliona shamba. Ekari ishirini, Delbert! Hakuacha hata pembe moja ya mtu kuweka mkeka.

Nilimkuta kasimama uani. Nikamuuliza, "Ni wewe?" Akaniambia, "Shamba ni langu, na samadi ni yangu." Basi. Ndilo neno la mwisho tulilosemezana mimi naye. Bendi kubwa kutoka California ilifika Ijumaa asubuhi, ikashusha kioo cha gari, ikapandisha kioo cha gari, ikaondoka. Mvua ikanyesha siku tatu. Mimi sikuimba. Wale elfu tatu walibingiria ndani ya kinyesi cha ng'ombe wetu wakidhani ni matope ya ardhi mama, na juma moja baadaye dunia nzima ikaenda kwenye lile tamasha jingine, la upande wa pili wa milima, na letu likasahaulika. Jumapili nikapanda gari la wapiga ngoma. Hayo mengine unayajua.

Kwa hiyo bango lisimame, na herufi ziwe kubwa. Kama una sababu, iseme.

Dada yako,
Roberta


Sluyter Hollow
20 Aprili 2019

Dada Roberta,

Samahani kwa kuchelewa. Ndama wawili wamezaliwa juma moja, halafu theluji imeyeyuka na barabara imekuwa uji. Pikapu ilizama mpaka milango, ikabidi nivutwe na trekta ya mtoto wa Bernice, ambaye alipiga picha. Arlene amefunguliwa plasta na sasa anapanga upya makabati yote ya jikoni kwa furaha, siwezi kupata kijiko. Ndimu za jirani zimenichekesha. Mwambie huku kwetu mtu akitaka mwanamke humpelekea kuni.

Kuhusu bango, mimi naona halina haja. Kwanza watalii watasimamisha magari penye kona na kugongwa. Pili ng'ombe watashtuka. Tatu, nani atakata majani kulizunguka? Mimi. Goti hili hili.

Kamati yenyewe imekwisha kuingiwa na wazimu. Wameamua kuuza matope ya tamasha. Wameweka udongo wa shamba la chini kwenye vichupa vya jemu, kila kimoja na utepe na maandishi "Matope Halisi ya 1969." Nikamwambia Bernice, hayo siyo matope ya 1969, nimelima shamba hilo mara hamsini tangu siku ile. Akasema, "Delbert, watu hawanunui udongo, wananunua kumbukumbu." Nikamwambia basi awaambie kumbukumbu yenyewe ilitoka upande gani wa ng'ombe. Hakupenda.

Mwaka huu zimamoto wa kujitolea wataleta gari lao wamwagilie shamba ili pawe na matope ya kuchezea. Mimi nimepangwa kuchoma kuku pamoja nao, kama kwenye karamu yao ya kila kiangazi. Kuku mia tano, na ile siki yetu ya kuwapaka.

Ninachokuomba ni kimoja, mwandikie Bernice kwamba umebadili mawazo. Baba hakuwa mtu mbaya kiasi cha kuandikwa kwenye chuma. Alikuwa mtu wa ng'ombe na minada tu. Hata Alhamisi ile alishinda mnadani na yule fahali mwekundu, akarudi jioni amechoka. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kuwachukia mahipi na nywele zao ndefu.

Arlene ananiita, anasema amepata vijiko.

Ndugu yako,
Delbert


Tucson
29 Aprili 2019

Delbert,

Sisi wazima, nyinyi wazima, ndama wazima. Salamu zimeisha.

Alhamisi ile alishinda mnadani?

Nimekaa na barua yako tangu jana. Jirani alikuja na ndimu zake nikamfukuza. Nakumbuka Alhamisi ile kuliko ninavyokumbuka siku ya harusi yangu. Niliondoka nyumbani saa tatu asubuhi na wale wavulana wa vipaza sauti, na shamba lilikuwa limefyekwa, safi, linanukia nyasi. Nilirudi saa kumi na moja na nusu jioni, na limekwisha kufunikwa lote, na samadi juu imeanza kukauka. Siyo kazi ya saa moja ile. Mimi pia ni mtoto wa mkulima, najua tela moja linafunika kiasi gani.

Fahali mwekundu nimemkumbuka. Ni kweli siku ile aliuzwa. Nilimwona baba akimpakia mwenyewe asubuhi, mimi niko kwenye gari la wavulana tunaondoka, na nikampungia mkono. Miaka hamsini sijawahi kuweka mambo hayo mawili pamoja. Nilikuwa nimeshapata mtu wa kumkasirikia na sikuhitaji kufanya hesabu.

Mnada uko mwendo wa saa mbili. Sasa niambie. Kama baba alikuwa mnadani, na mama hakuwahi kugusa trekta maisha yake yote, nani alimwaga ile samadi?

Na usiniandikie habari za goti.

Roberta


Sluyter Hollow
2 Juni 2019

Dada Roberta,

Hii ni barua ya tano. Nne nimezitia jikoni motoni, na Arlene ameanza kuniuliza kama nina mwanamke.

Ni mimi.

Nimeliandika, na nyumba haikuanguka. Ni mimi Delbert, nilikuwa na miaka kumi na saba, nilifunga tela kwenye trekta saa nne asubuhi na kumaliza saa tisa. Matela kumi na moja. Sikula hata mchana. Hakuna aliyenituma.

Jumatano yake nilikuwa nimeingia chumbani kwako kutafuta betri za redio, nikaliona sanduku lako chini ya kitanda. Limefungwa, limejaa, na gitaa pembeni, na bahasha juu yake imeandikwa "Mama." Sikuifungua lakini sikuwa mjinga. Nilijua utaondoka na wale watu tamasha likiisha, na kwamba hukupanga kuniambia. Mimi nilikuwa nikikuambia kila kitu, Roberta. Wewe ndiye uliyekuwa ukinicheka zizini mpaka kazi ikaisha bila kuiona. Nikajiambia, pasipokuwa na tamasha hapatakuwa na gari la wapiga ngoma, na pasipokuwa na gari utabaki. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo. Ningekuwa na zaidi ningekuambia tu, usiende.

Baba alirudi saa kumi na moja, wewe hujafika bado. Akateremka garini, akanusa, akatazama shamba, akatazama buti zangu.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Shamba zima?"

"Zima."

"Kwa nini, kijana?"

Nikamweleza habari za sanduku. Nililia, na kamasi juu, kamati ikitaka inaweza kuliandika hilo nalo. Baba akaketi kwenye kanyagio la trekta, akavua kofia. Akasema, "Sasa ndiyo ataondoka kweli." Kisha akaniambia nikaoshe tela na nisitoke nyuma ya zizi mpaka aniite.

Nilikuwa nyuma ya zizi ulipomuuliza. Nilisikia kila neno. "Shamba ni langu, na samadi ni yangu." Yote mawili ni kweli. Mzee yule hakuwahi kusema uongo, na hata siku ile hakusema. Alipokuja mwandishi wa gazeti akamwambia, "Samadi ni ya shamba. Ulitaka niiweke wapi, sebuleni?" Gazeti likaandika lilivyotaka, na ndilo gazeti Bernice analotumia kama ushahidi.

Nilitaka kukuambia Jumapili ile kabla hujapanda gari. Baba alinishika bega. Akasema, "Mwache anichukie mimi. Baba kazi yake ni hiyo. Ndugu anaye mmoja tu. Hasira zikipoa atakuandikia wewe, na atarudi kwa ajili yako." Hasira hazikupoa. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwambia, na kila mwaka uliopita ulifanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi. Kisha baba akafa, na wewe hukuja, na mimi nikabeba jeneza nikiwaza kwamba wewe ungetakiwa kuwa mahali pangu na mimi mahali pako, huko mbali, bila ndugu.

Sina la kujitetea. Mimi ni mwoga, na nimekuwa mwoga muda mrefu mpaka watu wanadhani ni upole.

Bango limekwisha kupelekwa kiwandani. Sahihi yangu sikutia, lakini Bernice anasema alituomba kwa adabu tu, maana ukingo wa barabara si wetu. Linarudi Julai. Litafunuliwa tarehe kumi Agosti na jina la baba juu yake.

Delbert


Tucson
6 Julai 2019

Delbert,

Leo salamu hakuna.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa sijui nimtukane nani. Nimezoea kumtukana baba. Nimemtukana kwa watoto wa watu, kwa mume wangu Mungu amrehemu, kwa daktari wa nyonga. Nimekuwa hodari. Sasa mdomo unaanza, unafika kwenye jina lake, unasimama.

Nitakuambia kitu ambacho hata Corinne hakijui. Kila Aprili, tangu 1970 mpaka mwaka aliokufa, nilikuwa nikipokea kopo la asali ya mti, ule utomvu mnaougema Machi theluji ikianza kuyeyuka na kuuchemsha mpaka uwe mzito. Hakukuwa na barua ndani. Kulikuwa na anwani tu, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa. Nilihama mara sita na kila mara kopo lilinipata, kwa hiyo nadhani wewe ndiye uliyekuwa ukimpa anwani. Makopo kumi na manne. Nilimimina yote kwenye sinki. Na asali ile haishuki, Delbert. Ni nzito. Ilinibidi kusimama pale na maji ya moto nikiisukuma kwa kijiko, robo saa nzima, mtu mzima nimekasirika, na jikoni kote kunanukia nyumbani. Sikuwahi kuonja hata ncha ya kidole, miaka kumi na minne.

Ulikuwa ukinipelekea anwani na hukunipelekea ukweli.

Halafu sanduku. Ndiyo, nilikuwa niondoke. Ningerudi Krismasi. Bahasha ya mama ilisema hivyo: nitarudi Krismasi, na gitaa nikishindwa nitarudi kabla yake, na Delbert asiuze baiskeli yangu. Ungeifungua usingekuwa na haja ya matela kumi na moja. Ungehitaji kisu cha siagi tu.

Sikusamehe. Sijui hata kama ninajua jinsi ya kufanya hivyo kwa mtu wa umri wako. Ninachotaka ni hiki. Tarehe kumi Agosti, kabla hawajavuta kitambaa kwenye lile bango, utapanda jukwaani na kusema, kwa mdomo wako, mbele ya watu wote na kuku wao. Ukisema, nitajua la kufanya. Usiposema, hii ndiyo barua ya mwisho.

Usinisafishie chumba. Sijasema nakuja.

Roberta


Sluyter Hollow
12 Agosti 2019

Dada Roberta,

Nimesema. Nakuandikia ilivyokuwa ili usidhani nimejipamba.

Jumamosi palikuwa na jua kali, la kwanza katika historia ya Tamasha la Jua. Walikuja watu kama elfu moja, wazee watupu, wenye vitambaa kichwani na viti vya kukunja. Zimamoto walimwagilia shamba wakatengeneza matope safi kabisa, na watu hawakuyapenda. Mwanamume mmoja kutoka Pensilvania alikuja kulalamika kwamba hayanuki kama yale ya zamani. Nikamwambia nina ng'ombe sita tu, ningefanyaje?

Nilikuwa kwenye moto wa kuku tangu alfajiri. Saa nane Bernice akapanda jukwaani, akasoma historia. Bango liko barabarani limefunikwa shuka. Nikamkabidhi mtu koleo la kuku, nikapanda na aproni yangu. Bernice akadhani nimekuja kutangaza kuku wameiva.

Nikasema, "Naitwa Delbert Roosa. Samadi ya 1969 hakuimwaga baba yangu. Niliimwaga mimi."

Unajua walifanya nini? Walicheka. Walisimama wakapiga makofi. Yule wa Pensilvania akalia, "Shujaa!" Mtu mwingine akanirushia kichupa cha matope nitie sahihi. Miaka hamsini nimeogopa siku ile, na watu wananishangilia kama nimefunga goli. Ningeweza kuteremka hapo hapo na kila mtu angeninunulia bia. Nilitaka kuteremka, sikufichi.

Nikarudi kwenye kipaza sauti. Nikasema, "Sijamaliza. Dada yangu alikuwa aimbe hapa. Aliondoka akimchukia baba kwa jambo nililofanya mimi, na hakukaa naye meza moja tena mpaka baba akafa. Mimi nilikuwa najua siku zote, nikanyamaza. Baba alinyamaza kwa ajili yangu. Mimi nilinyamaza kwa ajili yangu mwenyewe." Hapo hakuna aliyecheka. Nilisikia mafuta ya kuku yakidondoka motoni.

Bernice akaninong'oneza, "Delbert, chuma kimekwisha kumiminwa!" Nikamwambia nimekuja na rangi. Tukaenda barabarani watu wote nyuma yetu, mkuu wa zimamoto akanishikia ngazi, nikalipaka jina la baba rangi ya buluu, mara mbili, mpaka lisionekane. Bernice akasema hilo ni kosa. Nikamwambia aliandike, si yeye ndiye mwanahistoria? Sasa bango linasema "ingawa mkulima" halafu nafasi tupu, halafu "alimwaga samadi." Arlene anasema limekuwa zuri zaidi, kila mkulima atajiona.

Nilikuwekea kiti mstari wa mbele. Najua hukusema unakuja, lakini nilikiweka. Nilikitazama muda wote nilipokuwa nikisema. Mwishowe alikikalia yule wa Pensilvania.

Basi ni hivyo. Naitia barua hii sandukuni barabarani sasa hivi na kuinua kibendera chekundu, ili tarishi asinipite bila kuichukua. Sidai jibu.

Delbert


Kando ya barabara, Sluyter Hollow
12 Agosti 2019, saa nne asubuhi

Delbert,

Naandika juu ya boneti ya gari la kukodi, kwa hiyo mwandiko usiucheke.

Nimefungua sanduku lako la barua nikakuta barua yenye jina langu inakwenda Tucson. Nimeitoa nikaisoma papa hapa barabarani. Wanasema ni kosa kutoa barua iliyokwisha kuinuliwa kibendera. Na wewe umepaka rangi bango, tutafungwa pamoja.

Jumamosi nilikuwepo. Nilikuwa na kofia pana na miwani nyeusi. Nilipanga foleni ya kuku dakika arobaini, nikafika mbele yako, ukanipa paja na kuniuliza, "Siki zaidi, mama?" Ukanitazama usoni kabisa. Nikasema ndiyo, ukaniongezea siki, ukamwita aliye nyuma yangu. Miaka ishirini na moja tangu tuonane kwenye maziko ya mama, na umenisahau sura, mbwa wewe. Nilikwenda nikala kuku nyuma ya gari la zimamoto nikilia, na nyama ilikuwa tamu, na hilo likanikasirisha zaidi.

Halafu nikakusikia. Walipokushangilia mara ya kwanza nilitaka kurudi kwenye gari na kuondoka kabisa. Uliporudi kwenye kipaza sauti nikakaa chini kwenye matope, na nyonga yangu mpya na yote. Vijana wawili wa miaka sabini ndio walioniinua.

Jana nilikwenda kwa baba. Nilikuwa nimekusudia kumwomba msamaha na nimeandika na maneno, lakini nilipofika nilianza kumgombeza. Nilimwambia ulikuwa na mdomo, mzee, kwa nini hukuutumia? Nilimwambia makopo yote nimemwaga. Nilisema ulimwambia Delbert nitarudi kwa ajili yake, haya, nimerudi, ila wewe ulihesabu mwaka mmoja au miwili. Baadaye nikamwomba msamaha, maneno machache, bila ile karatasi. Kaburi lake mmelitunza vizuri. Asante.

Leo nimesimama hapa tangu saa tatu. Kutoka sandukuni mpaka mlangoni kwako ni hatua mia mbili, nimeruka bara zima na hizo zimenishinda. Nakuona kwa dirisha la jikoni. Umesimama karibu na sinki na unanitazama, na nadhani unadhani mimi ni mtalii wa bango.

Sijakusamehe. Nimekuja kukukasirikia uso kwa uso, kama dada anavyotakiwa, maana kwa posta imenichosha na inachukua miaka. Naiweka hii sandukuni na kuinua kibendera. Toka uje uichukue barua yako, Delbert. Mimi nipo hapa, nimevua kofia.

Roberta